Nilivyotengeneza staili ya sebene kwenye kinanda cha kwaya

Nyimbo zetu nyingi za kwaya huanza na beti za mwendo wa rumba, kisha linaingia chemko, yaani sebene, sehemu ya kasi inayotawaliwa na magitaa, na watu wote wanasimama. Staili (midundo ya kusindikiza inayojipiga yenyewe) zilizokuja na kinanda chetu, Yamaha PSR-S770, zinabeba rumba vizuri. Kwenye chemko nilijaribu za kundi la Latini na zote zilipwaya: dramu hazisukumi, na gitaa linacharaza kodi nzima (noti kadhaa kwa pamoja) pale ambapo masikio yetu yanasubiri nyuzi zidonolewe. Nikaamua kuunda yangu ndani ya kinanda chenyewe, kwenye Style Creator, sehemu yake ya kutengenezea staili.

Nilianza na kavacha, ule mdundo ulioenezwa na Zaïko Langa Langa ya Kinshasa miaka ya 1970. Kwenye dramu kipande kinajirudia na unaongeza juu ya kilichopo, kwa hiyo niliweka kiki, kikazunguka, nikaweka sneya, halafu haihati. Sneya niliipa muda mrefu kuliko vyote, maana ndiyo inayowanyanyua watu. Rhythm 2, nafasi ya pili ya midundo, nikaiachia tumba na kayamba.

Staili ina nafasi 8: mbili za midundo, moja ya besi, mbili za kodi, moja ya pedi na mbili za vionjo. Gitaa la rithim nililiweka kwenye Chord 1, mi-solo, gitaa la kati linalojibizana na rithim na solo, kwenye Phrase 1, nafasi ya kwanza ya vionjo. Solo sikuirekodi kabisa. Hiyo ni kazi ya mkono wa kulia, na nisingependa mashine iimalize kabla yangu.

Kazi kubwa ilikuwa kwenye magitaa. Sebene inazunguka C, F, G, na kidole kinatamani kurekodi mzunguko wote. Kinanda hakitaki hivyo. Kinachukulia kwamba ulichorekodi kipo kwenye kodi ya CM7 (C, E, G na B), kisha chenyewe kinakihamisha kufuata mkono wa kushoto. Kwa hiyo kila kitu nilikipiga kwenye C peke yake, nikiikwepa F, na B nayo nikaiacha ili mi-solo ibaki safi hata kodi ikiwa ya minor. Nilitumia C, D, E, G na A tu, na zinatosha! Kwenye NTT, mipangilio inayoamua noti zihamishwe vipi kodi ikibadilika, nikachagua Melody kwa mi-solo na Chord kwa rithim.

Besi ilihitaji mambo mawili zaidi. Nilipunguza High Key, yaani kikomo cha juu cha kuhamisha noti, la sivyo kodi za juu kama A zinaipandisha besi mpaka inapoteza uzito. Pia niliwasha mpangilio wa Bass kwenye nafasi yake na kutumia Fingered On Bass, namna ya kusoma kodi inayofuata pia noti ya chini kabisa, ili nikipiga C yenye E chini, besi nayo iende E. Wanaoimba sauti ya nne walilisikia hilo mara moja.

Staili ina sehemu kuu nne zinazobadilishwa kwa vitufe: Main A na B nimeziachia rumba, C na D ni chemko. OTS Link, inayobadilisha sauti za mkono wa kulia pamoja na sehemu hizo, nimeiwasha, kwa hiyo nikibonyeza C mkono wa kulia unatoka kwenye ogani na kuwa gitaa la solo bila mimi kugusa kitu kingine. Kila badiliko nilihifadhi kwenye flashi kabla ya kuzima, kwa sababu kinanda kikizimwa kabla hujahifadhi, staili mpya inapotea yote.