Nakala ya Tatu

Nina kalamu nyingi kuliko inavyomstahili mtu anayeandika kidogo kama mimi, na wageni wanaponiuliza ni ipi iliyo bora kati ya hizo, huwasikitisha kwa kuwaonyesha peni ya Bic yenye mwili unaopenyeza mwanga na kifuniko cha buluu, ile ile inayouzwa dukani kuanzia Igoma hadi Nyegezi, huko Mwanza. Wengine hudhani ninafanya mzaha. Thamani ya peni hiyo niliifahamu Desemba 2003, katika soko la samaki la Mwaloni pale Kirumba, siku ambayo kwa kosa langu magunia 43 ya dagaa yalipimwa mara mbili.

Nilikuwa nimemaliza mtihani wa kidato cha nne na nikisubiri matokeo. Mjomba wangu alikuwa karani wa tajiri mmoja aliyenunua dagaa kutoka visiwani, nami nikapelekwa kwake nisije nikashinda bure nyumbani Mabatini. Ujanani mjomba aliwahi kuandika stakabadhi za pamba vijijini, na kutoka huko alikuja na mazoea ambayo wapagazi waliyacheka kila siku. Hakugusa kitabu kabla ya kunawa kwa sabuni. Chini ya kiganja chake aliweka kipande cha karatasi safi, kwa sababu mafuta ya samaki yakishaingia kwenye ukurasa, gololi ya peni huteleza badala ya kuzunguka, na tarakimu hutoka nusu. Kando ya mizani alikuwa na kikaratasi kingine cha kufutia ncha, maana peni hizo zina tabia ya kukusanya tone la wino na kulidondosha mahali ambapo hulihitaji, na nane yenye doa hugeuka chanzo cha ugomvi. Tena kila alipoanza peni mpya aliifunga uzi wa gunia pale wino ulipoishia, kisha akausogeza uzi huo kadiri wino ulivyoshuka, kama mtu anayepima kina cha kisima.

Stakabadhi ziliandikwa nakala tatu kwa mkandamizo mmoja, karatasi mbili za kaboni zikiwa katikati. Ya kwanza ilikwenda kwa muuzaji, ya pili kwa tajiri, ya tatu ilibaki kitabuni. Mjomba hakuitazama kamwe ile ya kwanza. Alifunua moja kwa moja hadi ya tatu, akaisogeza kwenye mwanga, na kama saba ilifanana na moja, aliichana stakabadhi yote na kuanza upya. Kazi hiyo inahitaji chombo kinachokubali kukandamizwa bila kupinda wala kupasua karatasi, na peni ya gololi huimudu, kwa kuwa ncha yake ni tufe gumu ambalo halijali unalisukuma kwa nguvu kiasi gani.

Mimi nilikuwa na kalamu nyingine. Mama mdogo alinizawadia kwa kumaliza shule kalamu ya wino, ya chuma, nyeusi, yenye koleo la rangi ya dhahabu na tumbo la mpira la kunyonyea wino kutoka kwenye chupa. Sijaacha kuipenda hadi leo. Mwandiko wake ulikuwa na wembamba na unene ndani ya herufi moja, na niliposhika peni ya mjomba baada yake nilihisi kama mtu aliyevuliwa viatu. Nilipomwonyesha, mjomba aliigeuza mkononi kwa heshima, akaivuta kifuniko, akatazama ncha yake iliyopasuliwa katikati, kisha akanirudishia.

“Nzuri, mjomba. Hii ni ya kumwandikia barua mchumba,” alisema. “Hapa tunaandika samaki.”

Siku yenyewe alikuwa ameitwa mjini na tajiri, akaniachia mizani. Mitumbwi mikubwa ya injini iliingia asubuhi, ikiwemo mmoja kutoka Ukerewe, na giza la mwezi lilikuwa limewapa wavuvi usiku mwingi wa kazi, hivyo magunia yalikuwa mengi. Nilijua utaratibu: gunia likishuka kwenye mizani, uzito unaandikwa papo hapo kwenye stakabadhi. Lakini ncha ya kalamu yangu isingeweza kupenya kaboni bila kutanuka na kuharibika, na nilitaka sana kuitumia. Nikajishauri kwamba nitaandika kwanza kwenye kaunta buku kwa mwandiko wangu mzuri, halafu nikipata nafasi nitanakili kwenye stakabadhi kwa peni. Niseme ukweli, nilitaka pia wale wanawake wa Ukerewe wauone mwandiko wenyewe.

Meza yetu ilikuwa ya mbao zilizoachana, na mara mbili kalamu yangu, iliyokuwa ya mviringo kama mwanzi, ilibiringika na kutumbukia mchangani. Peni ya mjomba ilikuwa juu ya meza hiyo hiyo tangu asubuhi, haijasogea. Nilikuwa nimeishika miaka yote ya shule bila kuona kwamba mwili wake una pande sita kama penseli.

Tulikuwa tumefika gunia la 43 pale upepo ulipogeuka. Watu wa ziwani hawahitaji kuelezwa mvua ya Desemba inavyokuja: maji yanabadilika rangi kwa mbali, halafu ghafla unaisikia juu ya mabati ya jirani. Dagaa waliokaushwa wakilowa ni hasara ya mtaji, kwa hiyo kila mwenye mikono aliruka kuvuta turubai, nami nikaruka pamoja nao. Kaunta buku niliiacha wazi mezani. Mvua haikutoka juu, paa lilikuwepo. Iliingia kwa ubavu, ikisukumwa na upepo.

Niliporudi, ukurasa wangu ulikuwa ziwa. Wino wa kalamu ile ni rangi iliyoyeyushwa katika maji, na maji yalipouita uliitika. Majina, uzito na alama za magunia viliungana kuwa wingu moja la buluu lililokuwa likichuruzika hadi ukingoni mwa meza. Nilifunua ukurasa wa nyuma yake, ulioandikwa na mjomba siku iliyotangulia. Nao ulikuwa umelowa, umevimba na kukunjamana, lakini kila tarakimu ilisimama mahali pake, maana wino wa peni ya gololi ni mzito wa mafuta na hauyeyuki kwa maji ya mvua.

Mama mmoja wa Ukerewe, mwenye magunia 11, alikuja akainama juu ya meza na kutazama kwa muda mrefu.

“Mwanangu,” akasema, “karatasi yako imekunywa dagaa wangu.”

Hakupandisha sauti, na hilo ndilo lililoniumiza. Mjomba alirudi mvua ikiwa inaanuka. Alitazama kitabu, akatazama kalamu yangu, akawaita wapagazi na kukubaliana nao malipo ya pili, ambayo baadaye niligundua yalitoka mfukoni mwake. Tukayapima upya magunia yote. Yule mama alikuwa ameuhifadhi uzito wa magunia yake 11 kichwani, na mizani haikumpinga hata mara moja.

Jioni mjomba aliichomoa peni yake vipande vipande juu ya meza: mwili, kifuniko, kijibomba chembamba cha wino chenye ncha ya shaba. Alinionyesha tundu dogo ubavuni mwa mwili, ambalo shuleni tuliamini ni dosari ya kiwandani, akaniambia kwamba wino unaposhuka lazima hewa iingie kushika nafasi yake, na bila tundu peni ingegoma. Mengine niliyasoma miaka mingi baadaye. László Bíró, Mhungaria aliyekuwa mwandishi wa habari, aliona jinsi wino wa magazeti unavyokauka upesi na akasajili kalamu yake ya gololi mwaka 1938. Marcel Bich, huko Ufaransa, akainunua haki hiyo na Desemba 1950 akaanza kuuza peni ambayo umbo lake tungali nalo. Gololi ya ile ya kawaida ina kipenyo cha milimita 1 na hutengenezwa kwa kabidi ya tangsteni, kitu kigumu kuliko chuma, na peni moja huchora mstari wa kilomita 2 hadi 3. Kufikia Septemba 2006 zilikuwa zimeuzwa bilioni 100. Mimi husimama zaidi kwenye lile tundu. Kuna mtu aliyekaa akafikiria hewa kwa ajili ya kitu ambacho mnunuzi atakipoteza kabla hakijaisha.

Mjomba aliirudisha peni katika hali yake, akasogeza uzi hadi pale wino ulipokuwa umefika, akanikabidhi pamoja na kitabu cha stakabadhi. “Andika, mjomba. Bonyeza.”

Niliandika kwa mwanga wa karabai hadi mkono ukafa ganzi, magunia 43, nakala tatu tatu, na kila stakabadhi nilipoimaliza nilifunua moja kwa moja hadi ya chini na kuisogeza kwenye taa. Nilichana mbili. Nilipofunga kitabu niliinua peni nione nimekula wino kiasi gani. Ulikuwa bado umelingana na uzi.