Uma wa kuongezea unakula tani za foklifti

Msimu wa korosho ukishaanza Oktoba, maghala ya Mtwara na Lindi hujaa magunia ya kilo 80, na kila mtu anataka foklifti ibebe zaidi kwa safari moja. Hapo ndipo uma wa kuongezea, yaani ala za chuma zinazovishwa juu ya uma wa asili ili kuurefusha, unapotolewa stoo na kuvishwa bila mtu kutazama kibao cha uwezo, kile kinachoonyesha foklifti inabeba uzito gani.

Kibao kikisema tani 3, maana yake kwa foklifti ya kiwango hicho ni kwamba katikati ya uzito wa mzigo pawe milimita 500 kutoka sehemu ya uma iliyosimama. Mzigo ukisogea mbele, uwezo unashuka. Tuseme kutoka ekseli ya mbele hadi hapo uma uliposimama ni milimita 480. Zidisha kilo 3,000 kwa 980 (480 na 500), unapata 2,940,000. Mzigo wa urefu wa mita 1.8 uliopangwa sawasawa una kitovu chake kwenye milimita 900, kwa hiyo gawanya kwa 1,380 (480 na 900): zinabaki kilo 2,130 hivi. Toa uma wenyewe wa kuongezea, tuseme kilo 80 kwa jozi, unabaki na kilo 2,050. Magunia 26 yameshazidi, hata paleti hujaihesabu. Hesabu hii ni ya kuelewa tu. Namba ya kufanyia kazi itoke kwa mtengenezaji, iandikwe kwenye kibao kipya chenye jina la kifaa hicho. Mlingoti, ile nguzo inayopandisha uma, ukipanda juu sana, uwezo hushuka tena.

Urefu nao una mpaka: uma wa mita 1.2 usivishwe wa kuongezea unaozidi mita 1.8. Na kila upande una pini yake nyuma ya kisigino, pale uma unapopinda. Pini ikipotea, watu huchomeka nondo au hufunga waya. Usikubali. Dereva akirudi nyuma kutoka chini ya paleti, uma huo hung'ang'ania mbao na kuchomoka, na kuli aliyesimama mbele ndiye anayeumia.

Kagua kisigino cha uma wa asili pia, maana ndicho kinachosuguliwa na sakafu ya saruji. Uma uliokuwa na unene wa milimita 40 ukifika 36 utupwe: kupungua asilimia 10 kwa unene kunaondoa kama asilimia 20 ya nguvu. Kuulehemu si dawa, moto unaharibu ugumu wa chuma.

Kifaa cha kusogeza uma kushoto na kulia ni kizuri kwenye vichochoro vyembamba, ila kirudishwe katikati kabla ya kuinua na kabla ya kuondoka.

Magunia ya korosho yanalegea na kuteleza ukifunga breki ghafla. Yapange kwa kupishanisha, laza mlingoti nyuma kidogo, tembea uma ukiwa sentimita 15 hadi 20 toka sakafuni. Kwenye mteremko, ukiwa na mzigo, mzigo utazame juu, hata kama utalazimika kushuka kinyumenyume.

Foklifti ambayo dereva hukaa kitini ikianza kupinduka ubavuni, usiruke. Wengi wanaokufa hubanwa na paa la kinga wakijaribu kukimbia. Baki na mkanda, shika usukani kwa nguvu, kaza miguu, egemea upande ulio kinyume na inakoangukia.