Programu Haina Shida, Shida Ni Umeme

Muhula wa pili ukishakolea, kibanda changu hapa Busia, mpakani mwa Uganda na Kenya, hugeuka maabara. Wateja wa vioo vilivyopasuka na matundu ya chaji yaliyolegea wanabanana benchini na vijana wa uhandisi wa mwaka wa mwisho, kila mmoja na boksi lake la viatu lenye waya nyekundu na nyeusi zinazochungulia nje. Mimi ni fundi simu. Chuo kikuu sikusoma, ila mita ya kupimia volti ninayo, chuma cha solda ninacho, na ndoo za bodi kuukuu zimejaa chini ya meza. Hicho ndicho wanachofuata.

Miradi yenyewe naijua kwa sura. Bustani inayojimwagilia. Pipa la taka linalofunguka ukilikaribia. Kura kwa alama ya kidole. Kigari cha magurudumu manne kinachokwepa ukuta. Mwaka unaofuata inarudi hiyo hiyo ikiwa na majina mapya, nami siwacheki, maana hata mimi ufundi niliupata kwa kufungua Nokia za watu na kurudia alichofanya mwenzangu. Ninachogombana nao ni hiki: wanamaliza miezi wakiandika programu, halafu umeme wa kuiendesha wanaukumbuka usiku wa kuamkia siku ya kutetea mradi.

Kuna binti wa uhandisi wa kompyuta alikuja na kifaa cha kulinda ghala la mahindi. Wazo lake lilinigusa. Sisi wa mpakani tunaikumbuka Machi 2021, Kenya ilipozuia mahindi ya Uganda na Tanzania kwa sababu ya sumukuvu. Zuio lilidumu siku chache tu, likaondolewa kwa masharti, lakini wenye nafaka hawajalisahau. Kiwango cha Afrika Mashariki ni unyevu usiozidi asilimia 13.5 ndani ya punje; ukizidi hapo na ghala likawa na joto, kuvu imepata makao. Binti alitaka ghala lenyewe limtumie mwenye mali meseji pindi hewa ya ndani inapoanza kuwa nzito.

Chuoni, kifaa kikiwa kimechomekwa kwenye kompyuta, joto na unyevu vilionekana kwenye skrini vizuri kabisa. Meseji ndiyo haikutoka.

"Fundi, programu nimeiandika upya yote, bado inajizima," akaniambia.

Nikamwambia aiache programu kwanza tutazame taa. Moduli ya simu aliyotumia ni SIM800L, ile isiyozidi ukubwa wa stempu, na ina taa moja tu. Ikimulika kila sekunde, bado inatafuta mtandao. Ikishaupata inatulia, inamulika kila baada ya sekunde tatu hivi. Ya kwake ilimulika haraka haraka, ikazima, ikaanza upya. Nikaweka mita kwenye miguu ya umeme, na kila ilipojaribu kuita mnara volti zikaporomoka.

Moduli ilikuwa na njaa. Inataka volti kati ya 3.4 na 4.4, na inapoita mnara inavuta hadi ampea 2 kwa kufumba na kufumbua. Bodi ya Arduino, ile ndogo inayoendesha programu yake, ina mguu wa volti 5 na mguu wa volti 3.3: wa kwanza unazidi, wa pili haufiki, na tundu la kawaida la USB la kompyuta halifikishi hizo ampea 2. Tukachomoa seli moja ya lithiamu ya volti 3.7 kutoka betri kuukuu ya laptopu tukaiunganisha moja kwa moja. Kapasita ya mikrofaradi 1000 tukaipiga solda karibu kabisa na miguu ya moduli, iwe akiba ya ule mvuto wa ghafla. Waya hasi wa seli tukauunganisha na waya hasi wa Arduino, hapo ndipo wengi husahau. Taa ikapunguza mwendo. Muda si muda simu yangu ikalia mezani.

Siku ya kutetea, kwa alivyonisimulia, aliulizwa sana kuhusu mchoro wa mtiririko wa programu. Kuhusu seli hakuulizwa neno. Wahadhiri watanisamehe, lakini mtu wa kuuliza "umeme ukikatika siku mbili hiki kifaa kitafanya nini?" ningempa kiti cha mbele.

Ukitaja ubunifu wa wanafunzi Uganda, watu wanaanza na magari ya Makerere, na wana haki. Kiira EV ya viti viwili ilitoka 2011, kisha 2016 likaja basi la Kayoola la viti 35 lenye paneli za jua juu ya paa. Likazaliwa shirika la Kiira Motors, na kiwanda kikajengwa Jinja. Ila pale serikali ndiyo iliyobeba mzigo, na mwenye boksi la viatu hana wa kumbebea.

Mimi moyo wangu uko kwa mradi wa AirQo, ulioanza Makerere mwaka 2015. Unapima vumbi laini la hewani, lile la PM2.5 ambalo jicho halilioni. Vifaa vyao vimefungwa kwenye majengo na hata kwenye boda boda. Walioviunda walifikiria joto, vumbi na umeme wa kukatika, kwa hiyo vinaweza kula umeme wa paneli ya jua, na vipimo vinapita kwenye 2G, mtandao ule ule wa simu za tochi ninazotengeneza hapa. Yule aliyeamua 2G inatosha, huyo ni fundi.

Kuna na kifaa kiitwacho Matibabu, vijana wanakipenda mno. Ni kile cha kupima malaria kwa kubana kidole na kukimulika mwanga, bila kutoa damu, kilichompatia Mganda Brian Gitta tuzo ya Afrika ya Royal Academy of Engineering ya Uingereza mwaka 2018, pauni 25,000. Tangu hapo hakosekani anayekuja akitaka kupima ugonjwa kwa mwanga. Simkatazi. Namwambia tu kwamba pampu ya bustani ikikosea nyanya zitanyauka, lakini kipimo kikikosea mtoto atarudishwa nyumbani na homa yake, ndiyo maana majaribio ya hospitali ni marefu kuliko mwaka wa masomo.

Turudi ghalani. Binti alipofaulu, Hajji mmoja mwenye ghala alikubali kifaa kikae kwake, na hapo ndipo kazi ilipoanza. Sensa ya kwanza, yaani kile kipima joto na unyevu, ilikuwa DHT11, ya bei rahisi, ambayo inaweza kukosea asilimia tano ya unyevu juu au chini. Tukaagiza DHT22 kutoka Luthuli Avenue, Nairobi, ikaja na basi. Vumbi la mahindi likaiziba. Tukaifunika kwa kitambaa chepesi. Kisha panya wakala waya, jambo ambalo hakuna kitabu cha uhandisi kilichomwonya binti. Sasa waya zote zimepita ndani ya bomba la plastiki la mafundi umeme, na boksi limepanda juu ya boriti. Kifaa hakipimi punje, kinapima hewa, kwa hiyo Hajji bado anatia mkono guniani na mita yake ya nafaka kabla ya kupakia lori. Meseji inamwambia tu ni siku gani aende kuangalia, na yeye anasema hilo linamtosha.

Binti amepata kazi Kampala. Programu aliniachia kwenye flashi, na Hajji alipobadilisha namba ya simu niliibadilisha mimi, mstari mmoja tu. Kigumu ni laini iliyomo ndani ya kifaa: imesajiliwa kwa kitambulisho cha taifa cha binti, na ikipotea au ikifungwa, kuirudisha ni mpaka yeye mwenyewe aje. Juzi Hajji amekuja anataka vingine viwili vya maghala yake ya upande wa Tororo. Nimemwambia, "Hajji, anza kwa kusajili laini mbili kwa jina lako. Seli ninazo."