Nilikatwa na grinda nikiwa deiwaka

Mwaka juzi nilikuwa deiwaka, yaani kibarua wa kulipwa kwa siku, saiti moja hapa Dar tunafunga magrili ya ghorofa, nakata flatibaa (chuma bapa), disiki la grinda likapasuka, kipande kikanichana kiganja cha kushoto kuanzia chini ya kidole gumba mpaka kwenye kifundo. Glavu niliiona imelowa damu kabla hata sijasikia maumivu. Nyuzi 11, wiki saba sijashika holda ya kuchomelea.

Mwezi uleule jamaa mwingine palepale akaanguka kutoka juu akavunjika mguu. Yeye kaajiriwa na kampuni, ofisi ikapeleka taarifa WCF, yaani Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, matibabu yakalipwa, na muda wote aliokaa nyumbani alikuwa anapata asilimia 70 ya mshahara wake. Mimi nilipewa elfu 50 na pole, basi. Na vumbi tulivuta lilelile jamani, jua lilelile.

Tangu siku hiyo nimeuliza sana. Huu mfuko umetokana na sheria ya 2008, ukaanza kazi Julai 2015, na anayechangia ni mwajiri peke yake, mfanyakazi hakatwi hata senti. Kwa aliyeajiriwa ni kitu kizuri sana, sina neno. Ila sisi tuliojiajiri mwajiri wetu nani? Bodaboda, mama lishe akimwagikiwa na mafuta ya moto, fundi umeme anayepigiwa simu aje arekebishe soketi, wote hatumo. Na bodaboda wengi wanaamini ile bima ndogo ya pikipiki itawasaidia, wakati ile inamlipa uliyemgonga, mguu wako wewe dereva haumo.

Kuna kitu ningekijua mapema nisingekaa kimya. Sheria ya Taasisi za Kazi ya 2004, kifungu cha 61, inasema kama mtu ndiye anayekupangia saa za kazi, au anakupa vifaa vyake, au umemfanyia kazi wastani wa saa 45 kwa mwezi kwa miezi mitatu iliyopita, unahesabika mwajiriwa wake mpaka ithibitike vinginevyo. Hata kimoja tu kati ya hivyo kinatosha. Mimi pale nilishapiga miezi minne, naingia saa moja na nusu asubuhi kila siku, na grinda lilikuwa la bosi! Kwa hiyo ndugu yangu deiwaka, meseji za kuitwa kazini na miamala ya malipo usifute, piga picha hata daftari la mahudhurio.

Kwa wale ambao kweli hatuna bosi, naomba wahusika waturuhusu tuchangie wenyewe. NSSF mbona wanapokea michango ya hiari ya mtu aliyejiajiri, kwa nini fidia ya kuumia ishindikane? Mimi ningelipa kila mwezi bila kusukumwa. Kwa sasa nimekata bima ya ajali binafsi, gharama yake naiingiza kwenye bei ya kazi, mteja akilalamika namuonyesha mkono.

Na siku hizi nina dogo ananisaidia karakana, nalipa mimi, mashine zangu. Maana yake mwajiri ni mimi. Mchango wa WCF kwa sekta binafsi ni nusu asilimia ya mshahara, nimeshaanza kufuatilia usajili wake, na juzi nilipomkuta anakata chuma bila miwani nilichomoa waya ukutani.