Nilivyoipima dawa ya petroli kwenye Vitz yangu

Jamaa aliyeniuzia dawa ile ya kumimina kwenye tangi, kule Grogan, mtaa wa vipuri vya magari Nairobi, aliapa kabisa: "Boss, mimina hii tu, mafuta yatapungua asilimia 20." Sikuwa na la kumbishia, maana nilijua Vitz yangu inakunywa, ila sikujua inakunywa kiasi gani. Kwa hiyo chupa nikazifungia kabatini, nikaanza kulipima gari bila dawa.

Hesabu yenyewe ni ya darasa la nne: kilomita ulizokwenda, gawanya kwa lita ulizojaza. Kazi iko kwenye kituo cha mafuta. Kupima kwa shilingi hakufai, kwa sababu EPRA, mamlaka ya nishati ya Kenya, hutangaza bei mpya kila tarehe 14 ya mwezi, na mshale wa tangi nao ni mwongo. Nilikuwa nikijaza fulitangi kituo kilekile, pampu ileile, asubuhi kabla ya jua kali, nikiangalia na upepo wa magurudumu. Pampu ikijizima yenyewe mara ya kwanza, basi. Hapo ndipo tulipokuwa tukivutana na wahudumu, kwani wamezoea kudondosha kidogo kidogo mpaka hesabu ifike mahali pazuri.

"Mzee, nikufikishie elfu tano?"

"Hapana dada, acha hapo hapo."

Lita moja ya kudondoshea, ukiwa umejaza 30, ni zaidi ya asilimia 3. Dawa nyingi haziwezi kuleta hata hiyo.

Sasa sikia maajabu. Bila tone la dawa, tangi moja lilinipa kilomita 11 kwa lita, jingine 13. Gari lilelile, dereva yuleyule, Kasarani hadi Industrial Area. Iliyobadilika ni jamu tu. Mvua ikinyesha, Thika Road inasimama na namba zinaanguka. Shule zikifungwa, namba zinapanda. Kutoka 11 hadi 13 ni asilimia 18, kwa hiyo mtu akimimina dawa mwanzoni mwa likizo ya Agosti ataapa kwamba imefanya kazi.

Tena kuna mguu. Ukishatoa pesa zako kwa dawa, unakanyaga mafuta kwa adabu bila kujua. Nikamwachia mke wangu shughuli yote: yeye ndiye aamue dawa ianze kuingia tangi lipi, na ikishaanza iendelee mfululizo, kwa sababu dawa ya kusafisha injekta, zile pua za kunyunyizia petroli kwenye injini, haiishi nguvu tangi moja linapokwisha. Aliandika kwenye daftari lake na kulificha. Hata mikono alinawa kwa sabuni, harufu ile ya mafuta ya taa isije ikamsaliti. Nikijaribu kumchimba: "Baba Neema, wewe endesha gari."

Tulipofungua daftari, matangi yenye dawa yalikuwa yametawanyika humo humo kati ya 11 na 13. Sikuona tofauti.

Ukifikiri, ingetoka wapi? Chupa ya mililita 300 ndani ya lita 40 haifiki hata asilimia 1. Injini isiyo na hitilafu huchoma karibu petroli yote inayoingia. Hasara kubwa ni joto linalopotea kupitia ekzosi na rejeta, na dawa haigusi huko. EPA, shirika la mazingira la Marekani, limekagua zaidi ya bidhaa 100 za kudaiwa kuokoa mafuta bila kuona hata moja iliyopunguza matumizi kwa kiasi cha maana. Injekta zikiwa chafu kweli, dawa ya kusafisha inaweza kulirudisha gari lilipokuwa. Zangu fundi alizikagua mapema, zilikuwa safi.

Nilipita Grogan kumpa jamaa matokeo. Alisikiliza yote, akatikisa kichwa.

"Sasa boss, kwenye jamu itafanyaje kazi?"

Nikamuuliza kama anajua tuko Nairobi.