Kinyume cha "open" si kufunga tu

Jioni hii nawaza swali linalorudi kila mara darasani na kwenye meza za wafasiri: kinyume cha kitenzi cha Kiingereza "open" ni kipi? Kamusi ndogo hujibu "funga", basi. Kiswahili kwanza hutaka kujua kinachofunguliwa ni kitu gani.

Mlango unafungwa, lakini macho yanafumbwa. Sufuria inafunikwa, mtaro unazibwa, mwavuli unakunjwa. Kila kitenzi kina pacha wake: fungua, fumbua, funua, zibua, kunjua. Mdomo ndio wenye mambo. Ukiufumba, umekutanisha midomo tu. Ukiuziba, umeweka kiganja, au umempa mtu hongo asiseme. Daktari wa meno akitaka aone magego, atasema "achama", na akimaliza "fumba". Na ukisema "nimefunga" bila kutaja kitu, msikilizaji atakuelewa kuwa una saumu, na kufungua kwake ni kufuturu.

Wataalamu wa sarufi huita uundaji huu kauli ya kutendua. Kiambishi -u- huingia kabla ya irabu ya mwisho: tega, tegua; ziba, zibua. Mzizi ukiwa na irabu o, kinageuka -o-: chomeka, chomoa. Vitenzi vyenye -ik- au -ek- huiacha njiani: bandika, bandua, anika, anua, ezeka, ezua. Hapo ndipo wanaojifunza hukosea na kusema "anikua".

Kosa la pili ni kudhani kila -ua ni ya kutendua. Chukua haina "chuka", na ungua ni kupatwa na moto, si kinyume cha unga. Tena pacha huweza kuazimwa: nywele zinasukwa lakini zinafumuliwa, nguo inashonwa lakini mshono wake unafumuliwa pia, ingawa fumua ni mtoto wa fuma. Naona hapa uzuri mkubwa wa lugha yetu.

Lililo zito zaidi ni kuchanganya kutendua na kukanusha. "Hakufunga mlango" maana yake ulibaki wazi. "Aliufungua" maana yake ulikuwa umefungwa kwanza. Katika maelezo ya polisi kuhusu wizi, mfasiri akibadilisha moja kwa jingine, lawama inahama kutoka kwa mlinzi aliyesahau kwenda kwa mtu mwenye ufunguo.