Upasuaji wa pili wa tumbo: bado naupima

Ndugu zangu wa Lubumbashi, wengi mnaniuliza kama narudi India kupasuliwa tena. Bado sijaamua.

Mara ya kwanza, ili nipungue uzito, walikata karibu asilimia 80 ya tumbo, kikabaki kifuko chembamba kama ndizi. Kilo zilishuka, sukari ikatulia. Sasa uzito unarudi kidogo kidogo, lakini kinachoninyima usingizi ni kiungulia. Nalala nimeegemea mito, asidi inapanda hadi kooni, naamka nakohoa, mdomo mchungu. Nikila bukari na sombe jioni, hata kidogo, silali.

Dokta anapendekeza kifuko kiunganishwe na utumbo mwembamba, maana njia hiyo mara nyingi hutuliza asidi. Ila kaniambia wazi: upasuaji wa kurudia una hatari zaidi kwa sababu ya makovu ya ndani, na mshono unaweza kuvuja. Halafu vitamini B12, madini ya chuma na kalsiamu ni za maisha yote, na vipimo vya damu pia. Hapo ndipo roho inasita. Vidonge vya mwezi huu nitanunua. Na vya miaka yote? Tumbo likinishika usiku huku Katuba, nani atajua lilivyounganishwa?

Mama anasema niache, nimshukuru Mungu. Mume wangu anaogopa asidi itaharibu njia ya chakula. Wote nawaelewa. Kwanza nafanya endoskopi, kile kipimo cha kamera ndogo inayopitishwa kooni hadi tumboni. Wakikuta vidonda, nitaenda. Aliyepasuliwa mara ya pili, tafadhali aniandikie faraghani.